Mgonjwa Huulizwa Uji

Ndugu msomaji, hebu tujiulize swali ambalo huku mitaani tunalipita kama vile halipo: mtu akikukabidhi mwili wake umkande, amekupa ruhusa ya kiasi gani?

Mimi ni kijana wa Majengo, hapa Dodoma. Kidato cha nne nilimaliza, nikabaki na daftari la riwaya isiyoisha na mfuko usio na kitu. Ndipo nikaingia kujifunza masaji ya Kithai katika chumba kimoja cha uani, si mbali na soko. Baba mdogo aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mwanaume mzima unakwenda kushika miguu ya watu?" Mtaani nako neno masaji lina harufu yake. Ukilitaja tu, watu wanakonyezana.

Kumbe kazi yenyewe ina adabu kuliko sisi tunaoicheka. Kwa Wathai anayekandwa havuliwi nguo. Anavaa nguo pana, analala kwenye godoro jembamba sakafuni, na mafuta kwa kawaida hayatumiki. Unaanzia nyayo, unapanda taratibu. Unabinya kwa kiganja, kidole gumba, kiwiko, hata goti, ukifuata njia za mwilini wanazoziita sen. Zile kubwa ni 10. Unanyoosha mikono na kuegemea, uzito wako ufanye kazi. Elimu hiyo ilichongwa kwenye mawe katika hekalu la Wat Pho, Bangkok, enzi za Mfalme Rama wa Tatu, miaka ya 1830. Shule ya hapo hekaluni ilianza mwaka 1955, na mwaka 2019 UNESCO ikaitia masaji hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Kabla ya kuanza, mkandaji hukutanisha viganja na kumkumbuka Jivaka, tabibu wanayemheshimu kama baba wa fani yao. Dakika ile ya kutulia ni kama kupiga hodi.

Kwetu pia tunakanda. Nani asiyejua jinsi mzazi anavyokandwa kwa maji ya moto? Nani hajawahi kuchuliwa mguu uliotenguka? Ila sisi tuna imani yetu: asiyelia hajakandwa. Mzazi anajikaza, maji yanaunguza, bibi anasema "vumilia, mwanangu," ingawa wahudumu wa afya wanaonya kwamba maji yale yanaweza kumbabua. Yule mama hakukataa. Je, alikubali?

Siku moja alilala mbele yangu mzee mbeba mizigo wa sokoni, mmoja wa wale tunaowakanda bure ili mikono izoee. Nilipofika nyuma ya paja nikamwuliza, "Mzee wangu, naumiza?" Akajibu, "Endelea tu, kijana." Lakini pumzi aliibana na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vya mtoto anayeogopa sindano. Nikaondoa kidole gumba, nikangoja, nikarudi kwa kiganja. Pumzi ikashuka.

Kwa nini aliniambia niendelee? Kwa sababu ni mwanaume, na mwanaume hasemi "naumia". Kwa sababu alikuwa anakandwa bure, na wa bure hachagui. Na kwa sababu ya heshima: kumwambia anayekusaidia kwamba anakuumiza ni kama kumwaibisha. Heshima yetu hii nzuri mara nyingine inageuka gundi ya kufunga midomo.

Baba mdogo ana jibu lake. "Mgonjwa haulizwi uji. Ukimwuliza kila dakika, utamtibu lini?" Sikatai, dawa nyingine ni chungu, na msuli uliokaza haunyooki kwa kubembelezwa tu. Lakini yako maumivu anayoyachagua mtu ili apone, na yako anayoyavumilia ili asikuudhi. Kwa nje yanafanana kama mapacha. Atakayeyatofautisha ni nani? Aliyelala chini hawezi, maana mdomo wake umefungwa na adabu. Ni kazi ya aliye juu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mimi nasema penye mwili wa mtu, mwenye nguvu ndiye apishe.

Na jambo hili haliishii kwenye godoro. Posa inapoletwa, binti akiinamisha kichwa, wazee wanasema amekubali, kimya chake ni jibu. Nani aliangalia vidole vyake? Hata sisi tunaochukua maisha ya majirani na kuyatia kwenye riwaya, tumewahi kuwauliza?

Wewe msomaji unaonaje? Mara ya mwisho mtu alipokuambia "endelea tu", ulimsikiliza mdomo au ulimsikiliza yeye?