Sikukuu ya Nani?

Wahenga walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Walitaka kutufunza bidii, na mafunzo yao yamelisha watu wengi. Lakini binadamu si jembe, litumikalo mpaka likaisha makali, kisha likatupwa. Mwili huchoka, na moyo huchoka pia. Na nyumba ambayo watu wake hukutana kwa kazi na karipio tu hupungukiwa na upendo, hata kama ghala lake limejaa. Kwa hiyo mapumziko ni haki, wala si uvivu. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliitaja haki hiyo katika kifungu chake cha 24, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya kupumzika, angalau, katika kila siku saba. Neno hili halina ubishi. Swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji, ni jingine: mapumziko yanapopatikana kwa kazi ya mtu mwingine, ni mapumziko ya nani?

Sisi tukaao Maseno tuna bahati ya mahali pa kutembea. Mstari wa ikweta hupita papa hapa, ukaikata barabara iendayo Busia, na mtoto aweza kusimama mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mmoja kusini bila kulipa hata senti. Tukisafiri kilomita zipatazo 25 twafika Kisumu, mji uliokua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Huko iko hifadhi ya swala pala kando ya maji. Iko Hippo Point, ambapo watu hungoja kulitazama jua likizama. Na iko Dunga, ambapo wageni hupakiwa mashuani kwenda kutazama ndege na viboko. Ziwa lenyewe ni darasa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni yapata sita tu katika mia; zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Mtoto akielezwa hayo akiwa amesimama ufukoni, hayasahau upesi.

Siku moja ya Jamhuri niliwapeleka watu wangu huko. Mama watoto aliamka saa kumi za usiku. Alikanda unga, akachoma chapati, akachemsha mayai, akawaogesha watoto, akapiga pasi nguo zao na zangu. Tulipofika mjini, mimi na watoto wakubwa tulikwenda kuwatazama swala. Yeye alikaa kivulini na mdogo aliyesinzia, akilinda vikapu. Huko Dunga mashua ilijaa, akabaki nchi kavu. Usiku tuliporudi, mimi nilijinyosha kitini nikasema kwamba siku ilikuwa njema. Yeye aliwasha moto. Ndipo mtoto wetu mmoja alipomwuliza, "Mama, wewe umeona nini leo?" Akajibu, "Nimeona vikapu, mwanangu." Watoto walicheka, nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikatika kabla ya vyao.

Huko Seme, kando ya barabara ya Bondo, yapo mawe makubwa yaliyopandana, yaitwayo Kit Mikayi. Maana ya jina hilo kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Kisa kimojawapo kinachosimuliwa juu yake ni cha mzee aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni mwake kutwa. Mkewe alilazimika kumpelekea chakula huko huko, asubuhi na mchana. Watu walipomwuliza yule mama mumewe yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Wasafiri wengi husikia kisa hiki wakamcheka mzee. Mimi tangu siku ile ya vikapu namfikiri mama, na njia aliyoikanyaga kila siku na chakula mkononi ili mwingine apumzike.

Yamkini utasema kwamba mama hufanya hivyo kwa mapenzi, na kwamba ukimwuliza atakwambia kuwa ameridhika. Ni kweli. Lakini mapenzi ni zawadi, na zawadi haidaiwi kama kodi. Yeye aridhike kutoa. Sisi tusiridhike kupokea tu.

Yamkini utasema tena kwamba kila starehe ina mtumishi wake, kwa kuwa mwenye mashua na mkaanga samaki pia hufanya kazi siku tunayocheza. Hapa inafaa tutofautishe mambo mawili. Mwenye mashua amechagua siku hiyo kwa sababu ndiyo yenye wateja. Hupokea ujira, na huweza kuifunga mashua yake kesho akapumzika. Tusimdhulumu kwa kuvutana naye bei mpaka akose faida, wala tusimwachie ufuko uliojaa takataka zetu. Tukitenda hayo, twaachana kwa haki. Mama hana ujira wala hana kesho ya kupumzika, maana sheria inayompa mwajiriwa siku yake haifiki jikoni. Mahali sheria isipofika, sharti adili ifike.

Wewe msomaji huna fedha za kuwalipia watu wako kiingilio wala nauli, lakini mikono unayo. Likizo ikifika na safari ikipangwa, amka naye gizani ukande unga. Chukua kikapu kabla hujaambiwa. Mkifika ziwani, mlinde mdogo wako chini ya mti, umwambie mama, "Nenda ukatazame, mimi niko hapa." Mashua ikijaa, shuka wewe. Utakosa kiboko mmoja, naye atarudi siku nyingine. Na jioni, mkirejea Maseno, mtoto akiuliza kila mtu ameona nini, pasiwepo hata mmoja katika nyumba yenu atakayejibu kwamba ameona vikapu.