Nani Aliyebeba Pumziko Langu?

Wikendi ya Mashujaa ya 2025 ilikuwa ndefu, maana tarehe 20 Oktoba iliangukia Jumatatu. Nikajipanga kama mtu wa kamati ya harusi. Jumamosi asubuhi nikimbie, kisha nimalize mahesabu ya ofisi niliyobeba nyumbani. Jumapili kanisa. Jumatatu wageni, nyama na mpira kwa TV. Daktari alikuwa ameniambia presha imepanda, nifanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, kwa hivyo hata mbio niliziona ni utii.

Na mambo yakaenda! Nilitoka hapa Donholm nikafuata Outer Ring hadi Kariobangi na kurudi (nusu nikitembea, nisiwadanganye). Mahesabu yakaisha. Jumatatu usiku nimejinyoosha kwa kochi, nikamwambia mke wangu, "Leo nimeona vile maisha yanafaa kupangwa." Hakujibu. Aliangalia tu mlango wa jikoni. Dada anayetusaidia alikuwa bado anaosha sufuria, saa nne usiku.

Ijumaa alikuwa ameniomba, "Baba, naomba niende Kayole nimwone mtoto wangu, nitarudi Jumatatu jioni." Nikamwambia, "Ngoja kidogo, wikendi hii tuna wageni. Utaenda hiyo ingine." Nilisema kwa upole, hata nikajiona mtu mzuri. Na ni yeye aliyeamka saa kumi na moja kunipikia uji, akafua traksuti yangu yenye jasho, akatoa watoto nje ili nipige mahesabu kwa utulivu, na Jumatatu akapika chapati za watu kumi na wawili.

Tukifundishana juu ya kupumzika tunapenda Kutoka 20, pale Mungu aliumba kwa siku sita, ya saba akastarehe. Lakini amri hiyo hiyo ikirudiwa katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu ni nyingine: wakumbuke walikuwa watumwa Misri. Na pale inasemwa wazi kwamba mtumishi apumzike kama wewe. Si baada yako. Si wageni wakishaenda. Kumbe mtu anaweza kutolewa Misri, apumzike vizuri sana, na bado awe Farao mdogo hapa Donholm.

Utasema, lakini analipwa. Ni kweli. Hata mimi nalipwa, na mkubwa wangu akinipigia simu Jumapili nanung'unika mpaka kwa maombi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na haikumwacha nje msichana wa nyumbani. Ofisini naijua hiyo sheria vizuri. Nikifika mlangoni kwangu naivua pamoja na viatu. Na kama kwenu hakuna dada wa kazi, usiruke hapa: uliza tu ni nani aliosha vyombo siku ya sikukuu. Mara nyingi ni mama, ama binti mkubwa.

Sisemi tusikimbie, wala tusikae na wageni. Katika Marko 6 Yesu aliwaona wanafunzi hawana hata nafasi ya kula, akawaita kando wapumzike. Lakini sisomi mahali alimwacha mmoja nyuma apike.

Jamhuri, 12 Desemba, ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni nilimpa dada nauli nikamwambia arudi Jumapili usiku. Sikukimbia hata siku moja. Mahesabu yalibaki, nikaomba nipewe hadi Jumanne. Ugali wangu ulishika sufuria, watoto wakacheka wakala mkate.

Aliporudi alituonyesha picha ya mtoto kwa simu, ametoka meno mawili ya mbele. Nikauliza ana miaka mingapi. Sita. Dada huyu amekaa kwangu miaka miwili, na hilo sikuwa nimewahi kuuliza.