Hivi na Huu Nao ni Utumishi?



Nawaandikia kutoka Namasakata, huku kwetu kwenye mikorosho, mkoani Ruvuma. Mwaka huu nimepewa kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Wako saba tu. Niliomaliza nao kidato cha nne wengine wako JKT, wengine Dar. Mimi niko chini ya mwembe na kipande cha chaki. Nimekuwa nikijiuliza: hivi na huu nao ni utumishi?

Wakati wa vita swali hili huwa zito zaidi. Mwaka 1917 John Buchan, mwanasheria na mwandishi wa riwaya kule Uingereza, aliwekwa kuongoza idara ya habari ya serikali yake. Kalamu yake ikaingia vitani. Mtu wa namna hiyo hakuna anayemuuliza, “Wewe unafanya nini?”

Sasa mtazame Mkatoliki mwenzetu, mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896 na kusoma seminari ya Rubya. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kazi yake kwa kampuni ya Waitaliano ikaisha, akarudi kisiwani. Dunia inachomana, yeye kakaa anaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, ili mila za wazee zisipotee. Alimaliza mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Baadaye akaiandika upya yote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ilikuja kuchapwa baada ya miaka 35 hivi, na nakala zilipofika, mzee alikuwa ameshafariki, mwaka 1981.

Je, alipoteza muda? Tukipima kazi kwa makofi, ndiyo. Lakini Bwana wetu alisema mmoja hupanda, mwingine huvuna. Aliyepanda hakudanganywa, na shamba halikuwa bure.

Kuna mtu ataniambia: “Hayo ni maneno ya kujifariji ukishindwa maisha.” Inawezekana kweli, ukijificha nyuma ya udogo wa kazi ili uifanye ovyo. Na hapo nakiri: Jumamosi iliyopita nilienda kufundisha bila kujiandaa hata kidogo. Nilijiambia, “Si wako saba tu?” Katoto kamoja kakaniuliza kwa nini Yesu alichagua mkate. Nikababaika, nikakaambia tutaongea siku nyingine.

Kitereza hakusema “si Kikerewe tu.” Hakuwa na hakika ya msomaji hata mmoja, bado aliandika kama vile wote wanamsubiri. Nadhani utumishi ndio huo: kumpa anayekuja kwako kilicho bora, hata kama hakuna anayekuhesabia.

Jumamosi hii nitaanza na swali la yule mtoto. Na wewe, ni kazi gani uliyoiita ndogo ukaifanya nusunusu?

Mtakatifu Yosefu, uliyefanya kazi kimyakimya Nazareti, utuombee.