Je, Kimya Nacho ni Uongo?

Kanuni ya nne ilikuwa kutosema uongo, na ndiyo niliyoikubali haraka kuliko zote. Siku kumi bila kuongea na wenzako: utamdanganya nani, na saa ngapi?

Ilikuwa kozi ya Vipassana, kutafakari kwa njia ya Kibuddha, kwenye jengo la kukodi nje ya Nairobi, baridi ya kupasua midomo. Sitajifanya ati nilienda kutafuta nuru. Nilikuwa nimechoka, kazi za kuandika zilikuwa zimekauka, na kozi ni bure. Wanaolipia ni waliomaliza kozi kabla yako. Wewe unakula wali na ndengu za mtu usiyemjua. Simu unaiacha unapoingia. Kitabu hakuna, kalamu hakuna, hata kumtazama mwenzako machoni hakuna. Kengele inalia saa kumi alfajiri, chakula cha mchana ni saa tano, jioni ni chai na tunda. Katikati ya hayo ni kukaa tu, karibu saa kumi kwa siku.

Mwalimu ni sauti ya rekodi. S. N. Goenka alizaliwa Burma mwaka 1924, akawa mfanyabiashara, akaanza kufundisha India mwaka 1969, akafariki 2013. Aliyemfundisha yeye, U Ba Khin, alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma. Hilo la mhasibu lilinichekesha mwanzoni. Baadaye halikunichekesha.

Kanuni ziko tano: kutoua, kutochukua usichopewa, kutofanya ngono, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Tulielezwa kwamba kimya kinaisaidia ile ya nne, kwa sababu asiyefungua mdomo hadanganyi. Inaingia akilini. Siku ya tatu ikanigeukia.

Mimi, kumbe, ni bingwa wa kimya. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kwa miaka miwili sikumwambia Mama. Yeye anauza mitumba Kitale. Muhula wa mwisho alinitumia karo, shilingi 28,000, nami nikalipa kodi ya nyumba na madeni ya watu. Sikumwambia niko chuoni. Sikumwambia nimetoka. Akipiga simu anauliza, "Masomo?" Namjibu, "Tunasukuma, Mama." Na kweli nilikuwa nasukuma. Sasa uongo uko wapi hapo?

Nilijitetea vizuri, macho yamefungwa, kama wakili aliyelipwa vizuri. Neno la uongo sijasema. Pesa sikuiba, nilitumiwa. Lakini kanuni ya pili haiishii kwenye wizi. Inasema usichukue usichopewa. Nilipewa karo. Kodi sikupewa. Na ile ya nne nayo? Mama alikuwa anawaambia wenzake wa chama kwamba mwaka huu kuna mahafali, waanze kutafuta nguo. Uongo ulikuwa unasemwa Kitale kila Jumapili. Maneno yalikuwa yangu, mdomo ndio uliokuwa wake.

Hebu linganisha na ukumbini. Pale kila mtu alijua tumenyamaza. Jamaa aliyekaa kushoto kwangu alijua sisemi, nami nilijua hasemi, na hakuna aliyejenga chochote juu ya kimya cha mwenzake. Kimya changu na Mama alikijua mmoja tu. Yeye alidhani tunaongea.

Utaniambia si kila kitu mzazi ana haki ya kujua. Kweli. Mama hajui ninampenda nani, na haimpunguzii chochote. Lakini hili la chuo alikuwa amelipangia maisha. Kila asubuhi akipanga nguo sokoni alikuwa anahesabu muda uliobaki apumzike. Nadhani mpaka uko hapo: kimya kinageuka uongo pale mwenzako anapoegemea ukuta ambao wewe unajua haupo.

Kuanzia siku ya nne kuna vikao vya saa nzima ambavyo unaazimia usisogeze mkono wala mguu. Goti langu la kulia liliwaka moto. Mafundisho ni kwamba usilichukie, litazame tu, litabadilika, kwa sababu kila kinachotokea kina mwisho. Na kweli, dakika ya arobaini hivi maumivu yaliyeyuka yenyewe. Sijawahi kufundishwa jambo la kweli zaidi, hata chuoni.

Basi siku ya saba nikaijaribu dawa hiyo kwa Mama. Hatia ilinibana kifuani, kitu kizito chini ya koo. Nikaitazama. Ikabadilika. Ikapita. Nikatoka nje nikiwa mwepesi, nikatazama nyasi kama mtalii. Halafu nikaogopa, manze. Kule Kitale hakuna kilichokuwa kimepita. Zile 28,000 zilikuwa palepale.

Hapo ndipo nilimkumbuka yule mhasibu. Maumivu ni yangu peke yangu, na yanaweza kupita nikiwa nimekaa. Deni ni la watu wawili, na halipiti kwa mmoja kupumua vizuri. Sidhani mafundisho yenyewe yanakosea. Yanaanza na maadili, sila, ndiyo kutafakari kunafuata. Ni mimi niliyetaka kuanzia mwisho, nipate utulivu kabla ya kulipa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ya kumi na moja nilirudishiwa simu, nikampigia nikiwa stejini, kabla matatu haijajaa. Nilimwambia yote, karo kwanza. Akanyamaza. Niliwahi kukaa saa nzima bila kusogea, lakini dakika ile ilinishinda. Nilizunguka nguzo mara tatu.

Halafu akauliza, "Hiyo miaka miwili ulikuwa unakula nini?"

Sijui kama huo ni msamaha. Hajalitaja tena, na wenzake wa chama sijui aliwaambia nini. Huwa namtumia 2,000 mwezi ukiwa mzuri, naandika hesabu kwenye daftari. Kila asubuhi bado nakaa nusu saa, goti bado linauma, bado linapita. Kisha nafungua daftari.