Ruzuku na Riziki: Vocha Ile Ilikuwa ya Nani?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, mkoani Ruvuma. Jioni moja nilikwenda kumsalimia bibi mmoja mjane, jirani yetu. Tuliongea habari za mvua na bei ya mbolea, mpaka tukafika kwenye zile vocha za pembejeo za miaka ya nyuma. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi waliniruka, eti sina hela ya kuongezea. Hela nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshauza mbuzi."

Hakusema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyeondoka na uchungu, maana nyumbani kwetu vocha tulipata. Baba mdogo alikuwa kwenye kamati.

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati huo, mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kuanzia msimu wa 2008/09, bei ya mbolea duniani ilipokuwa imepaa, serikali ya Tanzania iligawa vocha kwa wakulima wa mahindi na mpunga: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia, za kutosha ekari moja. Vocha ililipa karibu nusu ya bei, na mkulima aliongezea iliyobaki kwa wakala. Walengwa walikuwa wenye shamba lisilozidi hekta moja, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kufikiriwa kwanza. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza majina. Sisi tulikuwa na shamba kubwa kuliko hilo, na baba alikuwa na duka.

Je, tuliiba? Kwa miaka mingi ningejibu hapana. Hatukuvunja nyumba ya mtu, na mbolea tuliongezea hela halali. Tena mjini na kijijini tunao msemo wetu: mali ya serikali ni shamba la bibi, anayewahi anavuna. Lakini safari hii nilikuwa namjua bibi mwenyewe.

Hapo nikakumbuka somo la maadili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, hazungumzii wizi tu anapoeleza dhambi dhidi ya haki. Anasema ipo haki ya kugawa: anayegawa mali ya wote anadaiwa kumpa kila mtu kwa kigezo kinachohusika na kitu chenyewe. Kama kigezo ni uhitaji, basi ni uhitaji. Ukiweka udugu mahali pa kigezo hicho, umetenda upendeleo, na Thoma anauhesabu upendeleo kuwa dhambi dhidi ya haki. Yaani siyo kukosa ukarimu tu. Bibi hakunyimwa zawadi. Alinyimwa kilicho chake.

Na ni chake kweli, kwa sababu ruzuku haitoki mfukoni mwa kiongozi yeyote. Hata mjane, akinunua sabuni au kiberiti dukani, ndani ya bei ile kuna kodi. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha: ruzuku na riziki ni neno la mzizi mmoja. Tunasema Mungu huwaruzuku viumbe wake. Serikali inapotoa ruzuku inashika, kwa kiasi kidogo, kazi ya kufikisha riziki kwa mwenye nayo. Anayeizuia njiani amekaa kati ya Mungu na sahani ya mtu.

Nilipomuuliza baba mdogo, alinijibu kwa upole, tena kwa hoja. "Frateri, mbolea ukimpa asiye na nguvu inapotea. Sisi tulivuna, kijiji kikala." Hoja hii si ya kijinga, hata wachumi wanaijadili. Lakini ina tundu. Sisi tungeinunua mbolea hiyo hata bila vocha, kama tulivyoinunua miaka ya kabla. Kwa hiyo ruzuku haikuongeza hata mfuko mmoja shambani kwetu. Ilitupunguzia gharama tu. Kwa bibi, mifuko ile miwili ingekuwa mipya kabisa kwenye udongo wake. Dhuluma yetu haikuongeza hata chakula.

Wala kijiji chetu hakikuwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mkoa wa Kilimanjaro ulikuta kwamba asilimia 60 hivi ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa vijiji.

Jambo hili limenisumbua pia kama mwanafunzi wa falsafa. Kanisa linafundisha kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno: kinachoweza kufanywa na walio chini, walio juu wasikinyakue, bali wawasaidie. Naye Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, aliitaka dola imjali mkulima katika mikopo, bima, kodi na bei. Nilidhani uamuzi ukiwa karibu na watu, haki itakuja yenyewe. Kumbe kamati yetu ilikuwa karibu na watu mno, mpaka watu wakawa ndugu. Kanuni nzuri bado inahitaji dhamiri inayoweza kumwambia ndugu "hapana".

Leo utaratibu ni mwingine. Tangu Agosti 2022 ruzuku iko kwenye bei ya mfuko, na mkulima anasajiliwa na kupewa namba. Msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulishushwa hadi Sh 70,000. Kamati ya kuchagua majina haipo tena, na hilo ni jema. Lakini jaribu halikufa, limehama. Limefika kwa kila anayetaja ekari asizonazo, na kwa kijana mwenye simu ambaye bibi anamwomba, "Nisaidie namba yangu, mimi hayo sijui."

Kijana huyo ni wewe. Ni mimi pia. Namba ya bibi ikiwa mkononi mwako, wewe ndiye kamati.

Zakayo aliposhuka mtini hakusema "nasikitika" tu, alitaja mahesabu. Thoma naye anasisitiza kwamba kilichochukuliwa isivyo haki kinarudishwa. Nilimweleza baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ada yako ya mwaka ule ilitoka kwenye mahindi hayo hayo." Nilikosa la kujibu.

Nilikwenda kumpalilia bibi siku tatu. Alinishukuru kama mtu anayepokea fadhila, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi, kwa kuwa ile haikuwa fadhila. Bado deni liko palepale. Mimi na baba tumekubaliana kwamba kabla ya mvua za kupandia tutampelekea mifuko miwili, na tutamwambia wazi ni ya nini.

Niombeeni tusirudi nyuma. Na wewe, kabla ya kuungama Jumamosi hii, jiulize: nyumbani kwenu kuna riziki ya nani?