Aliyepiga Risasi Gizani, Je, Ana Hatia?

Katika Makiso, mjini Kisangani, usiku huingia kwa haraka. Mji umekaa karibu sana na mstari wa ikweta, na kwa hiyo mwanga wa jioni haudumu hata nusu saa. Mwenye duka huanza kufunga milango kungali kweupe, na kabla hajamaliza kuhesabu mapato yake hawezi tena kusoma noti iliyo mkononi. Umeme wa mto Tshopo ukikatika, kama ukatikavyo mara nyingi, barabara nzima huwa nyeusi. Waendesha baiskeli za toleka husikika wakipita, lakini wenyewe hawaonekani.

Basi na afikiriwe askari polisi mmoja, aliyewekwa kulinda depo ya bidhaa usiku kama huo. Ni mtu mwema, mwenye mke na watoto, wala hana chuki na mtu. Anasikia bati likilia nyuma ya ukuta. Anaona kivuli kikiinuka, na mkononi mwa kivuli kitu kinachong'aa. Anachomoa bastola, anapiga. Taa inapoletwa, aliyelala chini ni mpishi wa lupango la jirani, aliyekuja kuteka maji, na kitu kilichong'aa ni sufuria yake. Askari anaanguka magoti, analia: «Sikuona! Sikujua!» Nao majirani, kwa kumhurumia, wanasema: «Si kosa lake. Ni giza.»

Je, ni kweli kwamba ni giza?

Mkatekumeni aliyeshika vema fundisho lake aweza kujibu upesi. Amekwisha kufundishwa kwamba dhambi ya mauti hutaka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema alitendalo, tena akubali kwa moyo wake wote. Huyu askari hakujua kwamba ni mpishi. Basi, lasema jibu hilo, maarifa yalikosekana, na hatia haipo. Jibu hilo si la kipumbavu, na mwalimu asilicheke. Lakini limesahau neno moja. Kweli askari hakujua ni nani aliye mbele yake. Bali lipo jambo moja alilolijua kabisa, bila shaka yoyote, kabla kidole chake hakijavuta: alijua kwamba hajui. Kivuli si jina, na mng'ao si kisu. Alikuwa na shaka, akaikata shaka ile kwa risasi.

Walimu wa zamani waliliona jambo hili mapema. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, Lameki anakiri mbele ya wake zake kwamba ameua mtu. Hadithi ya kale ya walimu wa Kiyahudi, ambayo Wakristo nao waliipokea, yaeleza jinsi ilivyokuwa. Lameki alikuwa kipofu, na hata hivyo alipenda kuwinda. Kijana mmoja alimwongoza kwa mkono. Siku moja kijana aliona kitu kikitikisika kichakani, akamwelekeza mzee, mzee akapiga. Walipofika, hakuwa mnyama. Alikuwa Kaini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliitazama habari ya Lameki alipochunguza kama auaye kwa bahati mbaya ana hatia. Fundisho lake ni hili: mtu atendaye jambo la halali, akiwa ameweka uangalifu upasao, kisha mwenzake akafa bila yeye kukusudia, huyo hana hatia ya kuua. Lakini mtu akitenda jambo la halali pasipo uangalifu huo, haponi. Kuwinda kulikuwa halali kwa Lameki. Kilichomhukumu ni kwamba hakujitahidi vya kutosha kujua kama aliye kichakani ni mtu. Naam, kipofu mwenye upinde! Wako wenye macho mazima ambao usiku huwa kama yeye, tena hawana hata kijana wa kuwashika mkono.

Wawindaji wa msitu wa Tshopo wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mwenye bunduki huenda usiku amefunga tochi kipajini, na macho ya mnyama humrudishia mwanga yakiwaka kama makaa. Macho ya mwanadamu hayawaki hivyo. Lakini ya mbwa huwaka, na ya mbuzi pia, na nyuma ya mbwa huenda yupo mwenye mbwa. Mwindaji mwenye akili husubiri mpaka aone shingo na miguu, na mpaka ajue kuna nini nyuma ya mnyama. Asipoona, huacha. Mboga ya kesho yaweza kungoja.

Hapa wengine hutaja Torati. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chasema kwamba mwivi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Bali jua likiwa limekwisha kuchomoza, anayo hatia. Je, si kusema kwamba usiku huondoa hatia? Mtakatifu Augustino alieleza maneno hayo. Mchana, alisema, huweza kutambuliwa kwamba mtu amekuja kuiba tu, wala si kuua, usiku haitambulikani. Tazama vema ni giza lipi linalosamehewa hapo. Mwenye nyumba hawezi kusoma nia ya moyo wa mwivi, lakini mtu huyo amekwisha kushikwa akivunja ukuta. Torati haisemi kwamba kila sauti usiku ni mwivi, wala haimruhusu mtu kupiga kivuli kisha kuuliza jina lake.

Habari ya mbali yaweza kulionyesha jambo hili wazi. Usiku wa kuamkia sikukuu moja ya mwezi wa pili, tarehe 14 Februari 2013, mkimbiaji mashuhuri wa Afrika ya Kusini, Oscar Pistorius, alipiga risasi 4 kupita mlango wa choo uliofungwa, nyumbani kwake Pretoria. Alisema alidhani mwivi yumo ndani. Aliyekuwa ndani ni mchumba wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Mahakama ya kwanza, mwaka 2014, ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Lakini tarehe 3 Desemba 2015 mahakama ya rufani ilibadili hukumu ikasema ni mauaji. Sababu yake ilikuwa ya namna hii: si kitu kama alijua ni nani yuko nyuma ya mlango; alijua yupo mtu, alijua risasi zaweza kumwua, naye akapiga. Majaji wa dunia wamefika mahali pale pale alipofika Mtakatifu Tomaso juu ya kipofu Lameki.

Wala watu wa Kisangani hawana haja ya mifano ya ugenini. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wao, na maelfu ya makombora yalirushwa juu ya nyumba za watu ambao arushaye hakuwaona. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja raia waliokufa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1000. Watu wa mji hawajapata kusema kwamba wenye mizinga hawakuwa na kosa kwa kuwa hawakumwona aliyekufa.

Kama ndivyo, askari wa depo afanyeje? Hawezi kuacha lindo lake, wala hawezi kuzuia usiku usiingie. Wapo Wakristo wenye moyo mwororo wasemao kwamba kujizoeza kupiga bastola gizani ni kujizoeza kuua, na kwa hiyo mwamini asikaribie. Huruma yao ni nzuri, lakini wamegeuza mambo. Askari ambaye serikali imempa silaha, naye atakesha nayo, halafu hajapata kamwe kuishika penye mwanga hafifu, ndiye atakayemwua mpishi. Uangalifu upasao hauji wenyewe saa ya hofu. Mtu huupata kwa mazoea, kama mfinyanzi apatavyo mkono wake. Kwa askari huyo, kujizoeza usiku ni wajibu wa dhamiri. Asiye na kazi hiyo hana wajibu huo, na haifai aitafute bastola ili awe nao.

Lakini si kila zoezi lafaa. Walio na ujuzi huanza na bastola tupu. Risasi zote huachwa chumba kingine. Mtu wa kwanza huitoa magazini, huvuta chuma cha juu nyuma, hutazama tundu ambamo risasi hulala, kisha huligusa kwa ncha ya kidole, maana gizani jicho huahidi zaidi ya liwezavyo. Mtu wa pili hufanya yote tena, kana kwamba wa kwanza hakufanya kitu. Mdomo wa bastola huelekezwa daima kwenye tuta nene la udongo, kamwe si kwenye ukuta wa mbao au wa bati; na kidole hukaa nje, mbali na kifyatulio, mpaka akili imekwisha kukata shauri. Majuma mengi hupita hivyo. Ndipo hufika zamu ya risasi za kweli: kwanza jioni kungali na nuru kidogo, mtu mmoja tu kwa wakati, mwalimu nyuma ya bega lake. Wengine wote husimama nyuma ya mstari, kila mmoja na taa ndogo mgongoni, nao huhesabiwa kwa majina. Yeyote akisema «Simama!», hata aliye mdogo kuliko wote, kila kitu husimama.

Askari hufundishwa pia udhaifu wa macho yake. Jicho litokalo kwenye mwanga mkali huhitaji karibu nusu saa ili kulizoea giza vema, na mwako mmoja wa tochi hulirudisha nyuma mara moja. Rangi hupotea. Sehemu ya katikati ya jicho, ionayo vizuri kuliko zote mchana, ndiyo huona vibaya usiku. Ajuaye hayo huacha kuyaamini upesi aliyodhani ameyaona.

Halafu kuna suala la tochi. Siku hizi wengi hufunga taa chini ya mdomo wa bastola, na wanayo sababu, kwa kuwa mkono mmoja hubaki huru. Lakini mtu mwenye taa hiyo peke yake hawezi kutazama kitu bila kukielekezea silaha. Kumtafuta mtoto gizani kwa taa kama hiyo ni kumlenga mtoto. Kwa hiyo walimu wazuri hudai tochi ya pili, ya mkononi. Mwanga hutupwa chini, karibu na miguu ya mgeni. Huinuka kutoka ardhini na kuonyesha mikono yake. Askari hutazama mikono, kisha husema kwa sauti yeye ni nani na anataka nini. Mara nyingi sauti hiyo humaliza jambo.

Watu husema zoezi liwe kama mambo ya kweli, wakifikiri juu ya moshi na kelele. Kweli ya usiku wa Makiso si hiyo. Kweli ni kwamba sauti nyingi nyuma ya ukuta ni mbuzi, ni jirani, ni mlevi aliyepotea njia. Basi mbao za shabaha zichorwe hivyo: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, kijana mwenye simu, mpishi mwenye sufuria, na mara moja moja tu mtu mwenye panga lililoinuliwa. Nazo zipangwe upya kila usiku, na uwepo usiku ambao hakuna hata moja ya kupigwa.

Usiku kama huo askari huingia, huinua tochi, husema maneno yake, hutazama mikono, huzima, husogea, hutazama tena. Kisha hutoka na risasi zake zote. Mwalimu huzihesabu moja moja mbele ya wenzake, huandika kwamba zoezi limefanywa vema, na taa kubwa huwashwa.