Vijana, Kazi ya Mikono, na Mtu Anayengoja Dukani

Malalamiko haya mmeyasikia mara nyingi, na pengine mmeyatoa wenyewe. Mtu aingia dukani kununua bawaba za mlango. Kijana aliyeketi nyuma ya meza hainui macho yake kutoka katika simu. Akiulizwa, ajibu, "Hamna," naye hajaangalia hata rafu moja. Mama apeleka kitambaa kwa fundi cherehani, aambiwa aje Ijumaa. Ijumaa aambiwa Jumatatu. Na siku aipatapo nguo yake, mkono mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Fundi aitwa kuziba bomba linalovuja, aondoka na fedha zake, na kabla ya jua kuchwa maji yatiririka tena. Ndipo wazee hukaa barazani na kusema: Vijana wa sasa hawajui kazi, tena hawana adabu.

Twataka kulipima neno hili kwa haki, maana ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. La kwanza, je, ni kweli? La pili ni zito zaidi: mtu afanyaye kazi kwa ujira mdogo, chini ya tajiri asiyemjali, ana deni gani kwa mtu asiyemjua, aliyesimama mbele yake na fedha mkononi?

Kwa habari ya swali la kwanza, wenye kumbukumbu njema hawatasahau mambo yaliyokuwa katika nchi yetu ya Tanzania miaka ile ya shida. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa mahali pengi, na maduka ya ushirika na ya vijiji yakawekwa badala yake. Kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, bidhaa ziliadimika sana. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sukari na kipande cha sabuni. Siku zile muuzaji ndiye aliyekuwa mkubwa, na mnunuzi alikuwa kama mwombaji mlangoni; na neno lile "Hamna" lilisemwa na watu wazima wenye mvi, wala simu ya mkononi haikuwapo ya kusingiziwa. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Rafu zikaanza kujaa, na polepole neno "Karibu" likasikika tena. Je, mioyo ya wauzaji ilibadilika? Hatudhani. Ila mnunuzi sasa aliweza kuvuka njia na kuingia duka la pili. Wahenga walisema biashara haigombi. Lakini ilipokuwa ya mtu mmoja tu iligomba vizuri sana.

Hata dharau kwa kazi ya mikono si jambo la jana. Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alilalamika kwamba shule zinawafundisha watoto kujiona bora kuliko wazazi wao wakulima. Watoto wale wa mwaka 1967 leo ni mababu na mabibi, na baadhi yao ndio walioketi barazani wakilalamika. Basi tusiseme kwamba ubaya huu umeanza na vijana waliopokea kipaimara mwaka uliopita.

Pamoja na hayo, liko jambo ambalo hakika limepungua, nalo lastahili kutazamwa kwa makini. Nalo ni uanagenzi, yaani kijana kukaa miaka chini ya fundi mmoja, akila vumbi la kazi yake. Mwanagenzi wa seremala hakupewa randa siku ya kwanza. Alifagia maranda, alishika ubao upande wa pili wakati msumeno unapopita, alinoa patasi, alinyoosha misumari iliyopinda ili itumike tena. Kabla hajakata ubao wowote, alikuwa amekwisha kuujua mninga kwa harufu na mvule kwa rangi, naye alijua kwamba ubao ulio mbichi hauitiki hata ukipigiliwa misumari mia. Tena alisikia jinsi fundi anavyosema na wateja. Alimsikia akimwambia mtu mwenye haraka, "Mbao hizi hazijakauka, nikikutengenezea meza leo itapinda kabla ya Krismasi, nenda, urudi baada ya miezi miwili." Alimwona yule mtu akikasirika na kuondoka, na miezi miwili baadaye alimwona akirudi. Hakuna aliyemfundisha kijana somo liitwalo huduma kwa mteja. Siku hizi somo hilo hufundishwa kwa semina ya siku mbili, yenye chai na cheti. (Vyeti vyake tumeviona vimetundikwa ukutani, nyuma ya kijana yule yule asiyeinua macho.)

Hatusemi kwamba uanagenzi wa zamani ulikuwa bustani ya Edeni. Wako mafundi waliowafanya watoto wa watu kuwa watumishi wa nyumbani, wakawachotesha maji na kuwachungisha mbuzi miaka mitatu pasipo kuwaonyesha neno. Wengine waliificha siri ya kazi, kwa kuogopa kwamba mwanafunzi akijua atafungua karakana ng'ambo ya njia. Lakini hata katika ubaya ule kijana alikaa mahali pamoja, na mlango alioutengeneza vibaya ulirudi. Mwenyewe aliuona umerudi, umebebwa kichwani na mteja, mchana, watu wakitazama. Nasi twaamini kwamba mikono ya mtu hufunzwa hasa na kosa lake mwenyewe lililorudi mbele ya macho yake.

Mtazame sasa kijana wa kibarua katika ujenzi. Huajiriwa asubuhi kando ya njia, hulipwa jioni, na kesho yuko mtaa mwingine. Zege alilolimwaga leo lapaswa kumwagiliwa maji kwa siku saba angalau, ili likomae bila kupasuka. Lakini aliyelimwaga hayupo, na aliyepo hakuambiwa. Ufa ukitokea mwakani, kijana hatauona kamwe. Atachanganya saruji na mchanga kwa kukisia miaka kumi, akidhani kwamba ni fundi, maana hakuna ukuta uliowahi kumshitaki. Au mtazame kijana wa cherehani. Shati la mtumba sokoni ni rahisi kuliko ujira wa kushona shati jipya, basi kazi impatayo ni kupunguza suruali, kubadili zipu, na sare za shule mwezi wa Januari. Koti hajalishona, kwa sababu hajaletewa. Twawezaje kumlaumu kwamba hajui kukaza bega la koti?

Serikali imeliona jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 1994 iliwekwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iitwayo VETA. Na kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, umeletwa mkondo wa amali katika shule za sekondari, ulioanza katika baadhi ya shule mwaka 2024. Twashukuru. Ila shule yaweza kumfundisha kijana kuunga bomba, nayo haiwezi kwa urahisi kumletea yule mama ambaye bomba lake limevuja tena usiku. Katika nchi ya Ujerumani, kwa sheria yao ya mwaka 1969, kijana wa ufundi huwa na walimu wawili: siku kadha wa kadha yuko shuleni, na siku nyingine yuko karakanani kwa tajiri aliyeweka mkataba naye. Huko wameelewa kwamba kitabu na mteja havikai chumba kimoja.

Sasa twaja kwenye lile swali la deni. Kijana akiulizwa kwa nini amefanya kazi hafifu, mara nyingi hujibu, "Kama wanavyonilipa, ndivyo ninavyofanya." Jibu hili si la kipumbavu, wala halifai kufukuzwa kwa mahubiri. Ziko ofisi na maduka ambamo mshahara wa mwezi wa tatu hulipwa mwezi wa tano, na kijana aambiwa ashukuru kwa kuwa wenzake hawana kazi.

Mtume Paulo, katika mlango wa sita wa waraka kwa Waefeso, awaonya watumwa wasifanye kazi kwa ajili ya macho ya bwana tu. Wahubiri wengi hupenda kuwasomea vijana maneno yale. Yafaa wakumbuke kwamba mara baada yake Mtume awageukia mabwana, akiwakumbusha kwamba wao nao wanaye Bwana mbinguni. Na Yakobo, katika mlango wa tano, asema juu ya ujira uliozuiliwa kwamba wenyewe wapiga kelele. Amsomeaye kijana sehemu ya kwanza, akaifunga Biblia kabla ya kufika kwa tajiri, amesoma nusu ya habari.

Lakini hata tukiisoma habari yote, deni la kijana kwa mteja halifutiki, na sababu yake tuliyoiona iliyo wazi kuliko zote imo katika maandiko ya Luther ya mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani. Hapo asema juu ya mshona viatu, mhunzi na mkulima kwamba kila mmoja anayo kazi yake, na kwa kazi hiyo imempasa kuwafaa wenzake. Tazama jinsi alivyouweka uzito mahali pake. Thamani ya kiatu haitoki kwa mwenye duka la viatu. Yatoka kwa mguu utakaokivaa. Tajiri asiyelipa amemdhulumu kijana, hiyo ni kweli. Lakini mama anayengoja gauni lake la arusi ya mwanawe hakumdhulumu. Abiria wa bodaboda ambaye breki zake zimekazwa ovyo hakuchukua mshahara wa mtu. Kijana akiwalipiza hao kwa kosa la tajiri, amepiga mlango wa jirani kwa deni la mtu mwingine. Na adai haki yake kwa yule aliye nayo, hata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya mashauri ya namna hii. Kudai ujira kwa sauti kubwa na kukaza breki vizuri ni mambo mawili ambayo mtu mmoja aweza kuyafanya siku moja.

Wala msidhani kwamba twasema habari ya mishono na bawaba tu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Ghorofa haijengwi na kijana wa kubeba ndoo peke yake; wako wenye mali, wenye vyeti na wenye mihuri, na wengi wao si vijana. Basi tukitafuta watu waliosahau kwamba chini ya kazi yao kuna mtu, tusitafute kwa kuangalia miaka ya kuzaliwa.

Mnunuzi naye ana deni lake. Siku hizi twasikia ikisemwa kwamba mteja ni mfalme. Neno hili hatulipendi. Mbele ya mfalme watu huinama, kisha humdanganya. Mnunuzi aingiaye dukani bila salamu, amwitaye kijana "Wewe!", apunguzaye bei ya ushonaji hadi fundi asipate hata fedha ya uzi, naye amechangia mkono ule mmoja uliozidi mwenzake. Tena wako wengi ambao wakipewa kazi mbaya huinyamazia mbele ya fundi, kisha huitangaza mtaani kote. Hudhani kwamba huo ni upole. Kumbe wamemnyima kijana lile kosa lake lililopaswa kurudi. Afadhali yule arudiye na shati mkononi na kusema, "Mwanangu, tazama hapa, kola imepinda, ifumue mbele yangu tuone ilipopotea."

Ninyi wainjilisti na wazee wa sharika, mnaowajua mafundi waaminifu wa vijiji vyenu, hapo mna nafasi ambayo serikali haina. Mtoto akimaliza kipaimara, wazazi huulizwa atakwenda shule gani. Na waulizwe pia yuko fundi gani wa kumpokea wakati wa likizo. Maagano na yaandikwe: muda gani, saa ngapi, atakula wapi, ili asiwe mchunga mbuzi wa mtu. Na hasa liandikwe lile neno linalovunja urafiki wa mafundi na wazazi, yaani kitambaa kikiharibika, nani alipe. Zamani mzazi alileta mbuzi au jembe, na hasara ilikuwa ya fundi. Leo kitambaa ni cha mteja, amekinunua kwa fedha nyingi, na fundi aogopa kumpa mwanafunzi mkasi.

Wako mafundi waliopata njia. Mwanafunzi hukata kwanza karatasi ya mfuko wa saruji, kisha shuka kuukuu, kisha kaptura ya shule ya mtoto wa fundi mwenyewe. Baada ya hapo fundi humwambia mteja mapema kwamba shati hili atalishona mwanafunzi, na bei yake ni nusu. Akitaka la fundi, bei ni kamili. Mteja huchagua. Na siku ya kulichukua, anayelitoa kabatini na kumvisha ni mwanafunzi. Fundi husimama kando na tepu yake shingoni, wala hasemi neno mpaka mteja amekwisha kujitazama katika kioo.